Nina miaka 27 na nafundisha chuo, niwe mkali au niwe mshkaji wao?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nimelifupisha kidogo: "Habari Dokta. Niliajiriwa mwaka jana kama mhadhiri msaidizi, nafundisha takwimu mwaka wa pili, wapo kama 340 ukumbi mmoja. Nina miaka 27. Nikiuliza swali wanakaa kimya mpaka najisikia vibaya. Wapo pia walimu waliokuja kujiendeleza, wengine rika la mama yangu, na mmoja ananiita mwanangu mbele ya darasa zima. Wenzangu ofisini wanasema niwe mkali semista mbili za mwanzo, wakishanizoea nimekwisha. Mimi sio mtu wa ukali. Nifanyeje?"

Dada yangu, pole na kazi na hongera pia, takwimu kwa watu 340 ukiwa na mwaka mmoja kazini sio mzigo mdogo. Mi nafundisha takwimu na mbinu za utafiti kwa watu wa sayansi za jamii, nilianza nikiwa na umri kama wako, na swali lako vijana wanaoanza wananiletea mara nyingi, ndo maana nitakujibu kwa urefu.

Nianze na hilo la ukali. Hao wenzako hawana nia mbaya ila ushauri wao naupinga kabisa, maana nimeona unavyowafanya wahadhiri vijana. Mtu anaingia darasani kanuna, anafunga mlango saa mbili kamili, wiki ya kwanza tu kashawatisha watu na sapu, ule mtihani wa marudio, afu mwisho wa semista unakuta nusu ya darasa wamekariri madesa (notsi za kupokezana) ya mwaka juzi na hakuna aliyewahi kumsogelea kumuuliza kitu. Ushkaji nao ni hivohivo, unakaa na wanafunzi kwenye vimbweta mnapiga stori mpaka usiku, siku ya matokeo kila mmoja anaamini ana lake la kuongea na wewe pembeni. Ukali na ushkaji vyote ni habari za wewe utaonekanaje. Mwanafunzi yeye anakuangalia kwa mambo mawili, huyu mtu somo analijua au anatusomea slaidi, na maksi zangu zinatoka wapi. Ukimjibu hayo mawili kila wiki bila kuyumba, umri wako ataacha kuuwaza na hata kama wewe ni mpole kiasi gani hatakuchezea.

Kuhusu umri wenyewe, Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuja kufundisha historia pale Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1966 akiwa na miaka 24, katoka kumaliza PhD London. Wanafunzi wengi walikuwa rika lake. Yoweri Museveni alisoma pale kuanzia 1967 na kazaliwa 1944, Rodney kazaliwa 1942, hesabu mwenyewe. Rodney aliondoka akarudi 1969 akafundisha mpaka 1974, na vijana haohao wa rika lake walikuwa wanamfuata mpaka kwenye yale madarasa ya Jumapili ya umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, ambayo hayakuwa na maksi wala karatasi ya mahudhurio. Kilichowapeleka ni kwamba jamaa kasoma, kajiandaa, na anabishana nao kwa hoja kama watu wazima. Kwa hiyo hiyo 27 yako isikunyime usingizi.

Sasa ukimya, na hapa nataka tukae kidogo maana nadhani ndo tatizo kubwa kuliko yote uliyotaja.

Mwanafunzi wako kasoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, wengi wao shule za serikali, afu form one akakutana na Kingereza kwenye karibu kila somo kwa mpigo. Alijifunza kupona kwa kukariri, maana ukikariri sio lazima uongee. Njia hiyo imemfikisha chuo kikuu, haoni sababu ya kuiacha leo. We unasimama mbele ya ukumbi uliojaa unauliza kwa Kingereza swali linalomtaka afikirie, atafute maneno, anyanyue mkono, aongee, na anajua kabisa akikosea sentensi kuna watu watacheka na jina la utani atatembea nalo mpaka amalize digrii. Mtu mwenye akili zake hanyanyui mkono hapo. Kwa hiyo ule ukimya usiuchukue kama dharau kwako wala uvivu, yule mtu anajilinda.

Ninachofanya mimi ni kumpa sehemu ya kukosea ambayo haina hasara. Chukua standadi diviesheni, kile kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Ukiuliza maana yake utapewa ile sentensi ya kwenye desa neno kwa neno, imenyooka kabisa, na aliyekupa hajui anachosema. Sasa mi naandika ubaoni mama lishe wawili na mauzo yao ya siku tano. Wa kwanza elfu 38, 39, 40, 41, 42. Wa pili elfu 5, 20, 35, 50, 90. Nawaambia nitafutieni wastani, muda mfupi tu wote wanakuja na elfu 40, sawasawa kwa mama wote wawili. Afu nauliza kwa Kiswahili, una laki mbili unataka kumkopesha mmoja, atakuwa anarudisha kidogo kila siku, unampa yupi? Geukia jirani yako mbishane dakika tatu.

Dada, utausikia ukumbi unavyoamka. Mmoja anasema huyu wa pili siku ya elfu tano atarudisha nini, mwingine anasema lakini ana siku ya tisini, atafidia, wa tatu anauliza hiyo siku ya elfu tano kulikuwa na mvua au wateja wake ni wanafunzi na bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa bado? Huyo wa tatu ndo namtafuta siku zote, kashaanza kuuliza kwa nini namba zinatawanyika, na hiyo ndo takwimu yenyewe. Baada ya hapo tunapiga hesabu ya standadi diviesheni pamoja, wa kwanza inakuja kama elfu moja na mia nne, wa pili kama elfu ishirini na tisa, wastani uleule mmoja. Sasa ile sentensi ya kwenye desa inakuwa na nyama. Mwisho naandika ubaoni maneno ya Kingereza watakayoyahitaji, manne au matano, na namuomba mtu aseme kile alichokuwa anambishia jirani yake, safari hii kwa Kingereza. Anaweza sasa kwa sababu wazo analo tayari, kilichobaki ni kulivisha maneno.

Hiyo hatua ya kurudi kwenye Kingereza usiiruke hata kama muda umebana na darasa limechangamka. UE, mtihani wa mwisho wa semista, itakuja kwa Kingereza, ripoti ya utafiti mwaka wa tatu ataiandika kwa Kingereza, ukimuacha kwenye Kiswahili peke yake utakuwa umemfurahisha leo na kumnyima kitu anachokihitaji. Wapo wahadhiri wanaoona kutumia Kiswahili darasani ni kushusha kiwango, mi naona kiwango kinashuka pale mtu anapomaliza digrii hajawahi kufikiria jambo moja mpaka mwisho kwa lugha yoyote.

Kitu kingine kidogo, kama ukumbi una maiki ya kushika shuka nayo uende mpaka kule nyuma. Wanaokaa nyuma sio wote wakorofi, wengine wamechelewa kwa sababu wanapanga mbali na daladala zimejaa, wengine wamefata soketi wachaji simu. Ukisimama karibu na mtu ukamuuliza kwa sauti ya kawaida utashangaa majibu yanavyokuja.

Tuje kwenye maksi, na hapa ndo heshima yako itajengwa au kubomoka, zaidi ya kitu kingine chochote utakachofanya.

Vyuo vyetu vingi testi na asaimenti zinabeba 40 na UE inabeba 60. Kuna wahadhiri testi wanaitoa wiki ya sita na mwanafunzi anakuja kuona alichopata siku chache kabla ya UE, tena namba tupu imebandikwa ukutani au imetupwa kwenye grupu, karatasi yenyewe haioni. Huyo mhadhiri awe mkali kama simba, wanafunzi wanajua hajali. We fanya kinyume, karatasi zirudi mikononi mwao mapema, ndani ya wiki tatu ikiwezekana, zikiwa zinaonyesha alama zimekatwa wapi.

Najua utasema 340 nitaandika maoni saa ngapi, na kweli huwezi kuandika aya kwenye kila karatasi. Fanya hivi. Unaposahihisha weka daftari pembeni, kila kosa linalojirudia liandike na lipe namba, utakuta ni kama kumi tu kwa darasa zima, watu wanachanganya wastani na kati (ile namba inayokaa katikati ukizipanga), wanasahau kutafuta kipeuo cha pili mwishoni, wanakokotoa vizuri kabisa afu hawasemi jibu lina maana gani. Kwenye karatasi ya mwanafunzi andika namba ya kosa tu, mfano 4 na 7. Afu orodha ya makosa yenye maelezo mpe CR, kiongozi wa darasa, aisambaze, na kipindi kinachofuata tumia nusu saa kupitia yale matatu makubwa. Swali uliloona wengi wamelifeli lifundishe upya, maana darasa zima likianguka swali moja hiyo ni taarifa kuhusu ufundishaji, sio kuhusu wao.

Na watakuja kuomba. Vyuo vingi 60 ndo B+ inaanza, kwa hiyo mwenye 59 utamuona mlangoni, mwingine anaogopa sapu, mwingine mwaka jana alibeba somo na akianguka tena anaona disko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, inamsogelea, na hizi ni hofu za kweli kabisa, kuna familia kijijini imeuza ng'ombe kwa ajili ya hiyo digrii. Mkaribishe. Fungueni karatasi pamoja na mwongozo wako wa kusahihisha ukiwa mezani, mwambie nionyeshe sehemu ambayo nimekunyima alama uliyostahili. Akiionyesha mpe hapohapo, na uangalie kama na wengine umewanyima sehemu hiyohiyo. Asipoiona, mueleze alichokosa na umwambie alama haibadiliki. Ukimuongezea huyu alama moja kwa huruma, kuna mwenye 59 mwingine ambaye hakuwa na ujasiri wa kuja ofisini, au hakuwa na nauli, umemdhulumu bila hata kumjua. Hili nalishikilia sana na naomba na wewe ulishikilie. Weka siku maalumu, wiki moja baada ya karatasi kurudi, mwenye malalamiko alete kwa maandishi, ikipita imepita kwa kila mtu akiwemo CR na yule anayekubebea projekta.

Huyo mama anayekuita mwanangu. Nje ya darasa muamkie, shikamoo mwalimu, bila kuona aibu hata kama vijana wanapita pembeni. Shikamoo haikupunguzii kitu, sana sana vijana wataona umelelewa. Ndani ya darasa muite Mwalimu na jina lake. Na hilo la mwanangu usilirekebishe mbele za watu, msubiri mkitoka umwambie taratibu, mama, tukiwa darasani naomba uniite mwalimu au madam, hawa vijana wanatuangalia sote wawili. Watu wazima wanaelewa haraka, na mara nyingi baada ya hapo ndo wanakuwa wa kwanza kuwanyamazisha wanaopiga kelele.

Ila nikwambie kitu ambacho wengi hawakioni. Mtu aliyefundisha shule ya msingi miaka ishirini, leo kakaa katikati ya vijana wa miaka 21 wanaobonyeza simu kama upepo, mara ya mwisho kugusa logarithimu alikuwa form four. Anaogopa. Kuomba ueleweshwe mbele ya watoto wa umri wa wanao ni kazi ngumu sana, na kumuita mhadhiri mwanangu kunaweza kuwa namna yake ya kujisitiri. Huyo ukimtengea nusu saa pembeni, yeye na wenzake wanne watano waliotoka kazini, mkaanza na namna ya kutumia kikokotoo na eksel bila mtu wa kuwacheka, wataenda mbali kuliko unavyodhani. Na wana kitu vijana hawana, data za kweli za maisha. Muulize mahudhurio ya darasa la tatu msimu wa kilimo yalikuwaje shuleni kwake, umepata mfano wa kufundishia wiki nzima.

Hela nitaigusa kwa ufupi. Bumu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka 8,500 mpaka 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na ndani ya hiyo elfu kumi kuna chumba, chai, mchana, usiku na nauli, na kumbuka kwenye ukumbi wako wapo wengi ambao Bodi ya Mikopo haikuwapa kabisa au iliwapa asilimia kidogo. Handauti ya kurasa 60 ukisema kila mtu aprinti, hata kwa shilingi mia ukurasa ni elfu sita, umemlia zaidi ya nusu ya siku yake. Tuma PDF, iwe nyepesi ifunguke kwenye simu, na nakala mbili za karatasi ziache maktaba. Na ukiona darasa zima limesinzia kipindi cha saa nane mchana, wiki ambayo bumu limechelewa, usianze kuhubiri nidhamu.

Kazi za vikundi zitakusumbua, watu kumi kwenye orodha na wawili ndo wamefanya, wengine wamechangia hela ya kuprinti tu. Punguza kikundi kiwe watu watano, na waambie mapema kwamba siku ya kuwasilisha wewe ndo utachagua nani aongee. Hiyo peke yake inabadilisha mengi. ChatGPT pia ipo na wataitumia, kuipiga marufuku kwa maneno ni kujichosha. Waambie wakusanye data wenyewe, bei ya nyanya kwenye soko la karibu na chuo kwa siku saba, muda wa kusubiri foleni ya kantini, kitu chochote ambacho lazima mtu aende kwa miguu, afu chagua majina machache bila mpangilio waje wakueleze walipataje namba zao. Aliyeenda sokoni atakwambia mpaka nani alimkatalia kumtajia bei.

Mwisho, mipaka, na hapa sina mzaha hata kidogo. Namba yako ya binafsi usiitoe kwa darasa, mawasiliano yapite kwa CR na kwenye grupu la somo ambalo kuna saa za kujibu, mi baada ya saa mbili usiku sijibu. Ofisini mlango uwe wazi mwanafunzi akiwepo, awe wa kiume au wa kike. Wewe ni mwanamke kijana, utapata meseji za wanafunzi wa kiume za usiku mwema madam zenye mioyo, usijibu hata moja, na ikiendelea mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi mapema kabla haijawa jambo. Na siku ya kwanza ya semista, ukishaeleza testi ni lini na maksi zinagawanyika vipi, waambie wazi kwamba rushwa ya ngono ni kosa la jinai, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kifungu cha 25 kinaitaja kabisa, kwamba TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113, na dawati la jinsia la chuo chenu liko jengo gani na ghorofa ya ngapi. Usiseme juujuu. Taja mlango. Kwenye watu 340 kuna binti ambaye hiyo taarifa anaihitaji leo hii, na pengine anayemsumbua ni mtu mnayesalimiana naye kwenye korido, na yeye atakuwa anakuangalia wewe uso kwa makini sana kuona kama unamaanisha.

Ukipata nafasi omba kukaa nyuma kwenye darasa la mhadhiri mmoja unayemkubali hapo idarani kwenu, umtazame anavyouliza maswali, usitazame slaidi zake. Na ukishatoa testi ya kwanza niandikie uniambie makosa yaliyojirudia ni yapi, nitakutumia orodha yangu tulinganishe, hasa kwenye lile la wastani na kati maana hilo kila mwaka linanirudia na natafuta mfano bora wa kulifundisha.